Walinzi wa Ardhi ya Mama

Mbokona, Honiara
12 Machi 2023

Mama mdogo Kolastika,

Shikamoo. Mimi mzima, nakuombea nawe uwe hivyo, na paa la jikoni liwe bado mahali pake. Redio imesema huko Tasimauri mvua haijakatika tangu Jumatatu. Goti lako linasemaje? Na yule nguruwe mweusi, alizaa?

Njugu za ngali ulizowapa masista zilifika. Mjomba Sirilo alianza kuzila akiwa mlangoni, viatu bado miguuni, akamaliza nusu ndipo akakumbuka kuniuliza kama nataka. Anakusalimu sana. Anasema, "Mwambie dada yangu ngali za sokoni siku hizi zimechacha, na wanaouza tunawajua." Amenipa koti jipya la mvua, la kijani, kwa ajili ya mazoezi ya wodini, maana sasa tuko mwaka wa tatu na hospitali tunaingia siku tatu kwa wiki. Mji wote unachimbwa kwa ajili ya Michezo ya Pasifiki ya Novemba. Ukitoka na soksi nyeupe unarudi na za kahawia.

Sasa nikueleze jambo. Kuna ukurasa mtandaoni unaitwa Walinzi wa Ardhi ya Mama. Wewe hujauona, na mshukuru Mungu kwamba huko hamna mnara wa simu. Una wafuasi elfu kumi na nane. Mwenyewe hajulikani. Kila siku anaandika juu ya watu wa Malaita waliohamia kwetu Guadalcanal. Anawaita kaa wa kuhamia, wale wanaoingia kwenye kombe la mwenzao wakajifanya wamezaliwa humo. Anaweka picha za nyumba zao kule Burns Creek na kuuliza, "Hii imejengwa kwenye ardhi ya mama wa nani?" Watu wanamjibu, Mama mdogo, watu ambao Jumapili tunapokea komunyo nao mstari mmoja. Mmoja aliandika, "Leteni kiberiti." Mia tatu wakacheka.

Basi tumeunda kikundi, tuko sita. Tunakutana Jumatano alasiri kwenye ukumbi wa parokia. Kila neno la ukurasa ule tunaliandika kwenye daftari, siku na saa. Tunawalalamikia wenye mtandao, tunajibu kwa heshima na kwa majina yetu halisi, na mtu akiwekwa picha tunakwenda kwake tukae naye, ajue hayuko peke yake. Mwenyekiti ni Kenrik wa Isabel. Tulimchagua kwa sababu kisiwa chake ndicho pekee ambacho hakijagombana na mtu. Rafiki yangu mkubwa ni Losi, Mkwara'ae wa Malaita, tunasoma darasa moja. Siku ya kwanza aliingia ukumbini akipaza sauti, "Kaa kafika! Ficheni makombe yenu!" Kenrik nusura ameze popoo nzima.

Mimi wananitania kwamba niketi katikati. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo ni wenu. Malaita mtoto ni wa baba, kwa hiyo ni wao. Hakuna aliyenikataa, na hilo ndilo linalonichosha. Losi aliniuliza baba anaitwa nani. Nikasema Maefiti, alirudi kwao wakati wa Vurugu, Wamalaita walipofukuzwa, nikiwa mchanga. Akauliza, "Halafu?" Sikuwa na halafu. Una lolote la kuniongezea?

Wako,
Anselma


Nalavo, Tasimauri
16 Aprili 2023

Anselma mwanangu,

Marahaba. Barua yako ililala siku kumi na mbili Avuavu, mawimbi hayakuruhusu boti kuvuka. Goti ni lile lile. Nguruwe alizaa saba, akawalalia wawili. Pasaka tuliimbia chini ya turubai, na turubai likamwaga maji yote juu ya katekista wakati wa Aleluya. Hata yeye alicheka, baadaye.

Hayo ya ukurasa nimeyasoma mara mbili. Yaache. Wakati wa Vurugu nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kwetu pia yalianza kwa maneno, ila maneno ya wakati ule yalitembea kwa miguu, ungeweza kumwona anayekuja nayo na kufunga mlango. Wewe umekwenda mjini kusoma. Soma. Jina lako usiliandike mahali ambapo hujui nani analisoma.

Uliloniuliza kuhusu baba yako halina nyongeza. Alikwenda kwao.

Nakutumia magimbi na kikapu nilichosuka. Kikapu ni cha kaka, usikitie vitabu. Mwambie asile ngali tumbo likiwa tupu, ana vidonda vya tumbo na anajua.

Mama yako mdogo,
Kolastika


Mbokona
7 Mei 2023

Mama mdogo,

Shikamoo, na pole kwa vile vitoto viwili vya nguruwe. Magimbi tumekula yote. Kikapu Mjomba amekitundika ukutani na kukataza kisiguswe, anasema kazi ya dada yake haibebi nyanya. Masomo yanakwenda. Nimejifunza kuchoma sindano na mtu wa kwanza hakulia. Niliyelia ni mimi, stoo, baada ya kumaliza.

Mama mdogo, nimempata mwenye ukurasa.

Ilikuwa wiki ya Pasaka, asubuhi, mvua imetufungia ndani. Mjomba alikuwa mezani na simu yake, anabonyeza kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, maana wa kulia unajua ulivyo. Akaniita, "Ansi, hebu nikuzie haya maandishi, macho yangu yamezeeka kabla yangu." Akanipa simu, akaenda kutazama maji jikoni. Nikaishika. Ukurasa ulikuwa wazi, na sikuwa nikiusoma kama tunavyousoma sisi wengine. Nilikuwa ndani yake, kwa mwenyewe. Kulikuwa na maneno yaliyoandikwa nusu, bado hayajatumwa: "Kaa wa kuhamia hazai katika kombe lake mw"

Nikayakuza maandishi, nikamrudishia. Akasema, "Ahsante, mama." Akavaa miwani, akamalizia sentensi yake, akanimiminia chai.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ufanyeje kama kikulacho ndicho kilichokuvisha hiyo nguo. Koti ninalovaa ni lake, kitanda ni chake. Tangu nimefika mjini hajawahi kuniinulia sauti. Jumapili anawabeba wazee wa mtaa kwa gari lake, na siku moja alimbeba bibi wa Kimalaita aliyenyeshewa, akamteremsha mlangoni pake, akamwambia, "Lala salama, mama." Usiniulize mtu huyo na huyu wanakaaje tumbo moja.

Nilimjaribu kidogo. Nikasema, "Mjomba, mimi baba yangu ni wa huko." Akanitazama kama niliyesema upuuzi. "Wewe ni mtoto wa dada yangu. Wewe si wao. Nani kakuambia wewe ni wao?"

Kikundi tulikubaliana tangu mwanzo kwamba siku tukimjua tutamtaja. Mimi ndiye niliyenyosha mkono wa kwanza. Sasa Jumatano zimepita tatu, nakaa pale na daftari magotini, naandika maneno ya Mjomba kwa mwandiko mzuri. Losi kaniuliza, "Shoga, unaumwa? Siku hizi unaandika kama karani wa mahakama." Nikamwambia ni meno.

Niambie la kufanya. Wewe ndiwe dada yake.

Anselma


Nalavo
4 Juni 2023

Anselma,

Marahaba. Huku wazima. Mvua.

Umemwambia nani? Kama hujamwambia mtu, usimwambie. Kwetu mjomba ndiye mzizi, na hakuna tawi lililowahi kushtaki mzizi wake likabaki bichi. Ukimtaja atatolewa kazini, wewe utalala wapi? Utakula wapi? Losi atakuweka?

Tena hujui alichobeba mtu yule. Vidole vyake havikupondwa na mashine ya kukamua nazi kama tulivyokuambia. Zaidi ya hapo siandiki.

Katekista anaiombea mitihani yenu.

Kolastika


Mbokona
25 Juni 2023

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Tumefunga chuo wiki mbili lakini wodini tunaendelea. Mjomba ni mzima, ingawa wiki hii hali chakula vizuri.

Nilifanya ulivyosema. Sikumwambia mtu. Nikueleze kilichotokea.

Mama yake Losi anauza maandazi na samaki wa kukaanga soko kuu, ameuza pale tangu Losi hajazaliwa. Tarehe kumi na tano ukurasa uliweka picha yake, amejitanda kitambaa chekundu, ameshika mwiko, anacheka. Chini Mjomba aliandika kwamba mwanamke huyu anatia dawa kwenye maandazi ili wanawake wa Guadalcanal wasizae. Ilisomwa kuliko jambo lolote aliloandika kabla.

Nilimwendea akiwa anaosha gari. Sikusema ninajua. Nilisema tu, "Mjomba, yule mama wa maandazi wa mtandaoni, mimi namjua. Nimekula kwake mara nyingi." Akaendelea kusugua tairi. Kisha akasema, "Basi mwambie Jumamosi asiende sokoni." Hakuinua uso.

Nikamwambia Losi. Akanitazama. "Nani kakuambia?" Nikasema nimesikia. "Umesikia wapi, Ansi? Kwenye meno?" Alimwambia mama yake hivyo hivyo, na mama yake akajibu, "Nikibaki nyumbani kwa kila neno, jioni tutapika maneno?" Akaenda.

Walikuwa vijana saba au wanane, hakuna aliyewafahamu. Walianza kwa kuuliza maandazi yana nini. Akawapa waonje bure. Mmoja akatema, mwingine akapiga teke meza, na karai lilikuwa motoni, mafuta yamechemka. Yalimmwagikia paja, mkono wa kushoto na shingo.

Mjomba alisikia kwenye redio. Aliinuka mezani, akaenda kusimama uani. Aliporudi alikuwa na nyuso mbili, sijui nikuelezeje. Akasema, "Mimi sikumwambia mtu ammwagie mafuta." Hakuwa akisema na mimi. Jumatatu ukurasa ukaandika tena, juu ya jambo lingine.

Sasa sina pa kwenda. Nikisema, nimemuua Mjomba. Nisiposema, kila asubuhi nakunywa chai yake. Nimepangiwa wodi ya majeraha kuanzia kesho.

Anselma


Mbokona
9 Julai 2023

Mama mdogo,

Leo sina salamu.

Mama yake Losi yuko kitanda cha nne. Mimi ndiye ninayembadilishia bandeji. Anaumia lakini hapigi kelele, anaimba kwa pumzi, na akishindwa kuimba anauliza maswali ili ajisahau. Jana akaniuliza, "Mwanangu, wewe Losi anasema una damu yetu. Ya nani?"

Nikasema baba yangu ni Maefiti.

"Maefiti yupi? Wako wengi."

Nikasema, aliyeoa Guadalcanal, Tasimauri, kijiji cha Nalavo, mke akiitwa Agata.

Akanishika mkono kwa mkono wake mzima, akaukaza, sikuweza kuendelea na kazi. Akasema, "Huyo alikuwa jirani yetu kule nyumbani. Alifiwa na mke na mtoto wa kike huko kwenu. Alikwenda kuwafuata baada ya Vurugu, akaonyeshwa kaburi. Amekufa miaka minne iliyopita. Mpaka mwisho kila misa ya wafu alikuwa akiwataja wote wawili, Agata na Anselma." Kisha akaangalia kitambulisho changu kifuani, akasoma jina, akakisoma tena.

Mama mdogo, nilikufa lini?

Anselma


Nalavo
27 Agosti 2023

Mwanangu Anselma,

Meli mbili zimepita na nimeziacha ziende. Ya kwanza sikuwa na karatasi. Huo ni uongo, karatasi nilikuwa nayo.

Nakuandikia yote, na ukimaliza unichukie ukiwa umeketi, usije ukaanguka.

Ulikuwa na miezi mitatu wenye bunduki walipofika Nalavo kutafuta Wamalaita. Sirilo alimficha baba yako kwenye banda la kukaushia nazi, chini ya magunia, siku mbili. Ya tatu alimpeleka kwa mtumbwi kuzunguka rasi mpaka kwenye meli. Aliporudi walikuwa wanamngoja ufukweni, na walikuwa watu wetu, vijana aliowafundisha kuvua. Wakamwuliza, "Mkono uliopiga kasia ni upi?" Angeweza kusema yote. Akatoa wa kulia. Wakauweka juu ya jiwe na kuuponda kwa jiwe jingine. Hakulia. Mama yako alilia kwa niaba yake. Baada ya hapo, kwa miaka, kila meli ikionekana alikuwa akisema, "Shemeji atakuja. Yule ni mtu."

Mama yako akafa na malaria ukiwa na miaka miwili. Mwaka uliofuata mimi nilimzika mtoto wangu wa kwanza na wa mwisho, unajua. Kaka akahamia mjini. Nikabaki na wewe.

Mwaka 2004 shemeji alikuja. Alishuka na shanga nyekundu za Malaita shingoni na gauni la mtoto mkononi, alikadiria tu kimo. Ulikuwa mtoni na wenzako. Ufukweni tulikuwa wanawake wanne, wote wa ukoo wetu. Akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Mimi nilisikia anasema, nipe. Nikamwambia ulikwenda na mama yako. Akataka kuona. Nikampeleka kwenye kaburi dogo, na lilikuwa la mwanangu. Alilala juu yake, Anselma, akaweka gauni pale. Meli ikapiga honi akaondoka. Nikaenda mtoni kukuchukua, nikakukuta unacheka kwa sababu samaki amekung'ata kidole.

Wale watatu hawajasema mpaka leo, wawili wamekufa nalo. Sirilo sikumwambia kamwe. Alingoja. Alipochoka kungoja akasema, "Nilitoa mkono wangu kwa mtu asiyeweza hata kuja kumwona mwanawe." Nilimsikia akisema hivyo, nikampakulia chakula. Chuki yake ilianza kwa mtu mmoja, akaitandaza juu ya kisiwa kizima, na mtu yule hakukosa. Niliyekosa ni mimi.

Nakuja na meli ya mwisho wa Oktoba, goti likikubali lisikubali. Ukiona vema usomee kaka barua hii kabla sijafika, maana nikifika sitaweza kuanza.

Kolastika


Mbokona
15 Oktoba 2023

Mama mdogo,

Shikamoo. Naandika upesi, sista anayebeba barua atapita hapa nje na gari, nami siruhusiwi kusimama barabarani. Utaona kwa nini.

Barua yako ilifika katikati ya Septemba. Nilikaa nayo siku nne. Sijui kama nakuchukia. Wakati mwingine nakuona ufukweni ukiwa na wanawake wale, nataka kukupigia kelele, halafu nakuona unakuja mtoni kunichukua. Tuyaache hayo mpaka uje.

Jumapili iliyofuata baada ya misa nilimsomea Mjomba mezani. Alisikiliza akiwa ameweka mkono wake mbaya juu ya meza, kitu ambacho hafanyi. Nilipofika kwenye gauni alinizuia. "Rangi gani?"

"Haikuandikwa, Mjomba."

"Mwulize." Akautazama mkono wake. "Miaka kumi na tisa mimi namtukana mtu aliyekuja."

Nikamwambia ninajua ukurasa ni wake, tangu Pasaka. Nikamwambia, "Jumatano nitawaambia wenzangu. Nimeona ujue kwanza." Nilifikiri atanifukuza. Akasema, "Jumatano mbali. Nipe simu."

Aliandika saa mbili kwa kidole kile kimoja. Aliandika: "Mimi ni Sirilo Tovua wa Mbokona. Ukurasa huu ni wangu. Yule mama wa sokoni sijawahi kumwona. Dawa niliitunga mimi. Ameungua kwa maneno yangu. Mnaonifuata, rudini." Akatuma. Kisha akataka kuufunga ukurasa kabisa, asingeweza. Kumbe kuna wawili aliowapa funguo zamani wamsaidie, mmoja anakaa Australia, hajawahi kuonana nao uso kwa uso. Kabla chai haijapoa walikuwa wamemtoa. Ukurasa wake mwenyewe ukamfungia mlango.

Jioni ile ile waliweka picha ya nyumba yetu. Kesho yake, picha yangu nikiwa na koti la kijani, imeandikwa "mbegu ya kaa inayofugwa na msaliti". Mjomba aliisoma, akaisoma tena. Akasema, "Haya ni maneno yangu, Ansi. Nayajua. Wamebadilisha majina tu."

Tangu siku hiyo tumo ndani. Wanapita mchana kweupe na kurusha mawe kwenye bati. Tangi la maji wamelitoboa. Madirisha ya mbele tumeyapigilia mbao, taa tunawasha saa sita mchana. Kazini wamemwambia apumzike kwanza. Wodini sijaenda wiki tatu. Polisi walikuja mara moja, wakachukua maelezo yake kuhusu soko, wakasema watamwita. Amefunga mkoba mdogo, umekaa karibu na mlango. Hakuna aliyemwita bado, na wale vijana wa karai hawajapatikana.

Losi alikuja siku ya tatu, peke yake, akasimama nje ya wavu wa mlango. Mama yake ametoka hospitali, shingo haigeuki vizuri.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki ya Pasaka."

"Mama aliungua Juni."

"Najua."

"Hapana, hujui. Ungejua ungesema." Hakupiga kelele. Akaenda zake. Kenrik akaniletea ujumbe kwamba kikundi kimeniondoa. Nilikuwa nimetarajia, hata hivyo niliulalia ule ujumbe kama mgonjwa.

Basi nilifikiri ndiyo mwisho, tutakaa humu mpaka ufike utukute tumeota ukungu. Lakini Alhamisi iliyopita, baada ya chakula cha mchana, nilisikia miguu kwenye ngazi. Mjomba akanivuta nyuma ya kabati. Nikachungulia kwenye ufa wa mbao. Walikuwa watano, na daftari. Kenrik alikuwa anahesabu mawe yaliyoanguka uani na kuyaandika. Losi alikuwa ameketi ngazi ya juu, ameupa mlango mgongo.

Nikafungua kidogo. Nikasema jina lake.

"Usinishukuru," akasema bila kugeuka. "Sikuja kwa ajili yako. Wameweka nyumba ya mtu mtandaoni. Sisi tukiona hivyo tunakwenda tunakaa naye. Kazi yetu ni hiyo, au umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi funga mlango, kuna mbu."

Walikaa mpaka jioni. Vijana walipita na mawe mikononi, wakaona Wamalaita wamekaa mlangoni kwa Sirilo Tovua, wakasimama, hawakuelewa warushe au wasirushe. Mmoja akapaza sauti, "Nyie mko upande gani?" Losi akamjibu, "Upande wa kivuli, huko kwako jua kali. Pita!" Wakapita. Ijumaa kikundi kilirudi, na jana, na leo baada ya misa.

Leo Mjomba ameniuliza, "Huyo msichana ni wa nani?" Nikamwambia ni mtoto wa yule mama. Kisha akaingia jikoni, nikamsikia anamenya viazi, kazi ya mkono mmoja, kelele tupu. Amevipika na tui na samaki wa kopo. Amepakua sahani, akanipa nipeleke. Nimeipeleka. Losi ameitazama, hakuigusa. Akasema, "Aliyepika hana miguu?"

Nimerudi nayo nikamwambia. Ameichukua. Sasa hivi ninapoandika amesimama nyuma ya mlango, sahani mkononi, na mkono mwingine hauwezi kutoa komeo. Ameniambia nisimsaidie. Gari la sista nalisikia linapanda kilima.

Njoo, Mama mdogo. Na unijibu rangi ya gauni.

Wako,
Anselma

N.B. Ametoka. Amekaa ngazi ya chini kabisa, sahani iko katikati yao. Losi bado hajaigusa. Hajaondoka.